Sauti Moja Ndani ya Chumba

Mama alitapika damu siku ya Jumapili, kanisani wakiwa bado wanaimba, na mimi sikuwepo. Nilikuwa Mbarara, ndani ya duka la maziwa nilipokuwa nafanya kazi, nimeshika kopo la kupimia, wakati jirani yetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale aliponipigia simu. Alisema beseni lilijaa. Alisema wamekwisha kumpandisha mama ndani ya gari la wagonjwa na wako njiani kuja huku mjini. Nikamuuliza kama bado anaongea. Akajibu kwamba anaongea vizuri, anauliza kama mimi nimekula.

Niliacha kopo juu ya meza nikatoka. Bosi aliniita kwa Kinyankore, sikugeuka.

Nieleze kidogo jinsi nilivyokuwa naishi, maana bila hiyo mambo mengine hayataeleweka. Nilihamia Mbarara nilipomaliza sekondari kule kambini. Nilifikiri mji utanipokea, maana nilikuwa na cheti, Kiingereza na haraka. Mji haukuwa na habari na mimi. Maziwa yalikuja asubuhi kutoka Bwizibwera kwa pikipiki, mimi nikayachemsha, nikapima, nikauza, jioni nikafunga na kwenda kwenye chumba changu chenye godoro na dirisha moja. Watu pale wanaongea Kinyankore toka wanaamka mpaka wanalala, na mimi nilikijua cha salamu na cha maziwa tu. Kuna siku nilifika jioni nikakuta sijasema kitu chochote zaidi ya bei. Waliokuwa wananisemesha Kiswahili ni wake wa maaskari wa kambi ya jeshi ya Makenke, waliokuja na vibuyu vyao vya plastiki. Kiswahili chao kilikuwa kifupi, cha amri: "Wewe, maziwa iko? Leta lita moja, fanya haraka." Kilinichekesha. Nilikipenda hata. Ukikaa siku nzima bila mtu wa kukusemesha, utapenda hata mtu wa kukuamuru.

Hospitalini walimuongeza mama damu, wakamchoma sindano, na kutapika kukasimama. Hapo ndipo nilimuona kwa mara ya kwanza daktari yule. Alikuwa mwanamke kijana, nywele fupi, anatembea kama mtu aliyechelewa. Nilimpenda mara moja kwa sababu hiyo. Alinieleza kwa Kiingereza, na mimi nikamwambia mama. Kule kwetu tulikokimbia, upande wa ziwa, mama alikunywa na kuoga maji yenye kichocho tangu utoto, na kile kidudu kimekaa ndani ya ini lake miaka yote hii. Ini limekuwa gumu. Damu ikikosa kupita kwenye ini, inatafuta njia nyingine, inajaza mishipa ya koo la chakula mpaka inavimba, na siku moja mshipa unapasuka. Umepasuka mmoja. Kuna mingine inangoja.

Nikamuuliza dawa ni nini. Akasema dawa ya kumeza ipo, inasaidia, lakini mishipa yenyewe lazima ifungwe. Wanaingiza mpira wenye kamera kupitia mdomoni, wanauvuta mshipa ndani ya kikombe kidogo kilicho kwenye ncha ya mpira, halafu wanaachia raba ndogo inayoubana. Mshipa unakauka, unaanguka. Wanafanya hivyo, wanangoja majuma kadhaa, wanafanya tena, mpaka iishe.

"Nani anafanya?" nikauliza.

Akaangalia pembeni. Akasema anakuja mwalimu kutoka Kampala, mzee anayeijua kazi hiyo kuliko wote, atakaa nao kwa muda mfupi kuwafundisha. Mwanafunzi wake mkubwa ni yeye mwenyewe anayenieleza.

Nilimwambia mama kwamba anakuja daktari mkubwa wa Kampala. Ile nusu ya pili sikuitafsiri.

Mwalimu alifika, na wagonjwa wa kambini wakaanza kuletwa, maana kwetu watu wa ziwa ni wengi na matumbo yenye kichocho ni mengi. Kwenye chumba cha mpira hapakuwa na mtu aliyeweza kusikilizana nao vizuri. Muuguzi mmoja alikuwa amenisikia wodini naongea na mama, akanivuta shati. Nikawa naingia na wagonjwa, nasimama upande wa kichwa, nawaambia maneno ya daktari, nawarudishia daktari maneno yao. Hakuna aliyenilipa, na bosi wa maziwa aliniambia kwa simu kwamba kazi haitaningoja milele. Lakini niseme ukweli, zile ndizo siku nilizoongea kuliko siku zote tangu nifike mjini. Asubuhi nilikuwa naamka na hamu.

Ndivyo nilivyoona jinsi daktari anavyofundishwa kazi ile. Nilikuwa nafikiri mwalimu ataonyesha na mwanafunzi ataiga. Hapana. Mwalimu alisimama nyuma ya bega la mwanafunzi, mikono yake ameifunga nyuma ya mgongo, kidole ndani ya kidole, kama mtu anayepita sokoni bila hela. Alifundisha kwa mdomo tu. Simama. Rudi kidogo. Sasa gurudumu kubwa, kuelekea kwako. Kule kwenye kishikio kuna magurudumu mawili madogo yanayopinda ncha ya mpira, na kidole gumba cha kushoto ndicho kinachoyazungusha, huku mkono wa kulia unasukuma na kupindisha mpira wenyewe. Mwanafunzi anatakiwa aseme kwa sauti anachokiona na anachotaka kufanya mbele ya kukifanya. Akifanya bila kusema, mwalimu anamrudisha. Nilikereka mno. Kuna mahali mtu kama mimi angesema, leta hapa, nipe, nimalize. Mzee yule hakusema hivyo hata mara moja. Muuguzi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wote wanaiangalia ile mikono: ikifunguka, ujue mambo yameharibika.

Mikono ilifunguka siku ya mama.

Tulimlaza kwa ubavu wa kushoto. Walikuwa wamempulizia koo dawa ya ganzi, na mdomoni wamemwekea kipande cha plastiki cha kuuma. Dawa ya usingizi walimpa kidogo sana, sababu ini lake lisingeiweza. Mimi nilisimama kichwani. Mama alikuwa ametulia, alikuwa ameomba Mungu tangu alfajiri, aliniangalia kama anayenihurumia mimi. Halafu daktari akashika mpira, akainama, na kwa mara ya kwanza hakungoja nitafsiri. Nafikiri alitaka kunionyesha heshima, au kumuonyesha mama kwamba naye anaweza. Alisema kwa Kiswahili chake, kwa nguvu:

"Wewe mama, lala chini. Kichwa hivyo. Hapana tingisika."

Nilikisikia na nikataka kucheka, maana kilikuwa kile kile cha wateja wangu wa Makenke. Mama hakucheka. Mwili wake wote ulikauka kama ubao. Mpira ulipogusa nyuma ya ulimi, alikaza meno kwenye plastiki, akainua mikono miwili, akaukamata mpira na kuuvuta, na macho yake hayakuwa yananiona tena. Nilimwita. Niliita mama, mama, ni mimi. Daktari naye akaita, "Hapana tingisika! Acha!" na kila alivyoita, ndivyo mama alivyopigana. Mwalimu akafungua mikono yake, akauchukua mpira, akautoa taratibu, akasema imetosha kwa leo.

Mama alijifunika shuka usoni. Daktari alibaki amesimama na glavu zake.

Mchana ule nilimfuata mwalimu nje, kwenye benchi karibu na tangi la maji. Nilimwambia kwa Kiingereza changu chote kwamba namuomba amfanyie mama yangu yeye mwenyewe. Nilimwambia kwamba sisi wakimbizi hatukuja hapa kuwa watu wa kujifunzia. Hilo nilikuwa nimeliandaa tangu asubuhi na nililisema vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mishipa ya mama yangu itafungwa mara ngapi. Nikasema wameniambia mara kadhaa. Akaniuliza yeye atakuwa wapi mara ya pili. Nikasema Kampala. Akasema anaweza kumfunga mama kesho kutwa kwa mikono yake, na atamfunga vizuri, halafu atapanda gari lake aende, na mishipa itajaa tena, na siku hiyo mama atakutana na daktari ambaye hajawahi kumfunga mtu mwenye hofu. Akasema pia kwamba uamuzi si wa kwake wala si wangu. Nimuulize mwenye koo.

Nikaenda kumuuliza mwenye koo, na niliuliza vibaya makusudi. Nilisema, unataka yule mzee mwenye kazi yake, au yule mwanamke anayejifunza?

Mama alikuwa anakunywa maji kwa vijiko. Akasema, "Ni nani atabakia hapa?"

"Yule wa kujifunza."

"Basi ni yeye."

Nikamwambia ameona mwenyewe leo jinsi ilivyokuwa. Mama akaweka kijiko chini. Aliongea polepole, Kiswahili cha kwetu, kile ambacho hakukibadilisha hata baada ya miaka mingi ya kukaa Uganda. "Mi siko na woga ya ule mupira, mwanangu. Mupira ni kitu. Niko na woga ya ile sauti. Siku ile kwetu, bale maaskari balisema vile vile. Lala chini, usitingishike. Balimwambia na baba yako pia."

Siku ile anayoisema mimi nilikuwepo, lakini nilikuwa mgongoni mwake, mtoto wa kunyonya. Yeye alitembea na mimi nililala. Nimekulia Nakivale, nimesoma Nakivale, na Kiswahili cha maaskari kwangu ni cha watu wa kununua maziwa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake na nikaona kwamba mama amekuwa peke yake na sauti ile miaka yote, na mimi niliye mtoto wake, niliyelala naye chumba kimoja, nilikuwa naichekea dukani.

Ilibaki mtu amwambie daktari. Muuguzi alisema hiyo si kazi yake. Nikamkuta daktari anaosha mikono kwenye bomba la nyuma, anaosha muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Niliongea naye Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa sababu Kiingereza kingekuwa kama mashtaka.

"Dokta, mama anakubali wewe umfanyie. Lakini anaomba usimsemeshe vile."

"Vile namna gani? Mimi nilisema nini mbaya?"

"Ulisema lala chini."

"Sasa yeye atalala wapi, juu?"

Tulicheka wote wawili, kidogo, halafu nikamueleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kama ninavyoeleza kila kitu, nikamaliza. Aliacha maji yanatoka. Kisha akafunga bomba.

"Mimi ni mtoto ya barracks," akasema. "Mama yangu nyumbani alikuwa anaongea Kinyankore. Baba alikuwa askari, yeye Kiswahili. Kula. Soma. Lala. Wewe, kuja hapa. Hiyo ndio Kiswahili alituachia." Akapangusa mikono kwenye koti lake jeupe. "Na hiyo hiyo ndio alikuwa anatupenda nayo."

Baba yake alikwisha kufa. Hilo aliniambia baadaye, lakini pale nilikwisha kulijua, kutokana na alivyosema "alituachia". Nilitaka kumuambia kitu. Mtu mwingine angekuwa nacho. Mimi nilisema tu kwamba mama atafungwa kesho kutwa.

Siku iliyofuata mwalimu alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu chumbani. Kwa mazoezi walikuwa wanatumia tumbo la nguruwe pamoja na koo lake, lililotoka kwa wachoma nyama, limeoshwa na kutandikwa kwenye sinia la plastiki. Daktari alikuwa anajifunzia humo kila jioni, kimya kimya, na alikuwa mzuri. Mikono yake haikuwa na shida. Sasa mwalimu akamwambia aingize mpira huku anamsemesha mgonjwa. Akaniita mimi nikae karibu, nimsahihishe Kiswahili. Ikawa daktari anainamia tumbo la nguruwe anasema, "Mama, pole. Mama, pumua na pua," na mimi namwambia punguza sauti, na muuguzi amejiziba mdomo kwa mkono. Nilimfundisha maneno ya kwetu. Achilia mate yatoke, mama. Tuko karibu kumaliza, mama. Alijitahidi. Lakini kila alipotafuta neno, kidole gumba kilisimama, na kila kidole kilipoendelea, sauti yake ilirudi kambini Makenke. Nilimrekebisha, akarudia, nikamrekebisha tena. Nilianza kuona raha ya kuwa na mtu wa kumrekebisha. Mara raba ikatoka bure, ikabana ukuta wa tumbo mahali pasipo na kitu.

Mwalimu akamsimamisha. Hakukasirika. Alimuuliza, ukiwa na mpira mkononi, ndani ya kichwa chako unajisemesha kwa lugha gani?

Daktari akasema Kinyankore.

Basi msemeshe kwa hiyo, mwalimu akasema.

Niliruka. Nilisema mama yangu hajui Kinyankore, anajua cha sokoni tu, cha kununulia matoke kwa watu wa Isingiro, na kwamba ndiyo sababu mimi niko hapa. Mwalimu aliniangalia kwa upole ambao sikuupenda. Akasema amekuwa ananiangalia siku hizi zote, na ninafanya vizuri, lakini mgonjwa mwenye hofu hawezi kufuata sauti mbili. Daktari anasema, mimi nasema, mpira unaingia katikati. Yule anayeshika mpira ndiye anatakiwa ashike na mgonjwa pia, na hiyo ni sehemu ya kazi anayofundishwa, si kitu cha kumuachia mtu wa pembeni. Maelezo yote nimpe mama mbele ya kuingia, nimpe vizuri, kila hatua. Halafu nitoke. Ndani iwe sauti moja.

Nilisema sawa. Nilienda chooni nikakaa humo mpaka mtu akagonga.

Kesho yake nilimpa mama maelezo yote. Dawa ya kupuliza, plastiki, ubavu wa kushoto, mate yaachwe, pumzi ipite puani, kutakuwa na kuvutwa, maumivu kidogo kifuani baada ya hapo. Nilimwambia sitakuwepo. Aliniuliza nitakuwa wapi. Nikasema mlangoni. Akasema sawa, mlango si mbali.

Mbele ya kufunga mlango niliona jambo moja. Daktari alivuta kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mama. Mama aliomba waombe kwanza, kama tunavyofanya sisi, na daktari akainamisha kichwa akaomba yeye, kwa Kinyankore, kama anavyoomba kwao. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwingine kabisa. Sikujua kwamba ile nayo ilikuwa ndani yake. Mlango ukafungwa.

Pale nje kulikuwa na ukuta wa kijani na ndoo ya kupigia deki. Nilisikia mashine inavyovuma. Nilisikia sauti ya daktari, chini, haikati, "mpora mpora, nyabo, mpora mpora," na hilo nililielewa, kila mtu Mbarara anaelewa, ni taratibu, mama, taratibu. Mengine sikuyaelewa. Nilisikia mama anakabwa, kile kikohozi cha kutaka kutapika, na mkono wangu ukawa kwenye kitasa. Sauti haikupanda. Ilikwenda vile vile, kama mtu anayesimulia habari ndefu ya nyumbani. Kikohozi kikapungua. Kikarudi. Kikapungua. Nilijua kila hatua kwa sababu nilizisimamia kwa wagonjwa wengine, nikawa nahesabia kwa vidole vyangu mahali walipo: sasa wamepita ulimi, sasa wameona mishipa, sasa wanavuta. Lakini naweza nikawa nilikosea zote.

Kisha mlango ukafunguka na akatoka mwalimu, peke yake. Akaufunga nyuma yake. Akaenda kwenye dumu la maji pale ukutani, akajimiminia kikombe, akasimama anakunywa, kama mtu aliyekuja kupumzika.

Nilimuuliza kwa nini ametoka, nikamuuliza kama imekwisha. Akasema bado, imebaki raba moja. Nikapiga kelele, sijivunii, nikasema sasa nani yuko na mama yangu humo ndani.

"Mama yako yuko na daktari wake," akasema.

Akanywa maji yake mpaka mwisho. Hakurudi ndani. Tulisimama pale wawili, yeye na mimi, tumeachwa nje wote, na tukasikiliza ile sauti mpaka ikanyamaza.

Daktari alipotoka, shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Alimwambia mwalimu kwa Kiingereza amefunga mishipa mingapi na wapi, na mwalimu akauliza maswali mawili matatu, akaitikia kwa kichwa, basi. Hakumpongeza. Mimi ndiye nilitaka kumkumbatia, na sikujua kama inaruhusiwa, kwa hiyo nikamshukuru kwa Kiingereza kama mtu anayepokea maziwa yake.

Mama alikuwa macho, kifua kinamuuma, anaongea kwa kunong'ona. Nilikaa. Nilimuuliza kama aliogopa. Akasema kidogo. Nilimuuliza yule daktari alikuwa anasema nini muda wote ule, maana nilikuwa nje na sikushika.

"Sijui," mama akasema. "Alikuwa anasema tu."

"Kwa hiyo hukuelewa kitu."

"Mwanangu." Akafunga macho. "Alikuwa pale."

Nimeliandika neno hilo mara kadhaa tangu siku ile, kila mara kwa hasira tofauti. Mimi nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa na Kiswahili cha kwetu, Kiingereza cha shule na maelezo ya kila hatua, na ningeweza kuyasema kwa kasi yoyote uliyotaka. Na aliyeweza kukaa pale alikuwa mtu mwingine. Sikumuonea wivu daktari. Au nilimuonea, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu mama alikuwa hai na mshipa haukuvuja.

Mwalimu alirudi Kampala juma hilo. Mimi nilirudi kwenye maziwa. Bosi alinipokea na maneno mengi niliyoshukuru kutoyaelewa yote. Mara ya pili mama alipokuja, niliomba ruhusa, nikaenda kukaa kwenye ule ukuta wa kijani, na mlango ukafungwa bila mtu kuniuliza kitu. Daktari alifanya peke yake. Wagonjwa wengine wa kambini aliwasemesha kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia: Kiswahili kidogo sana, kile cha lazima, na katikati Kinyankore chake kinachopita polepole, na wakitulia anaendelea, wasipotulia anasimama. Muuguzi hakunivuta shati. Alinisalimia vizuri na kuendelea na kazi.

Mara ya tatu mama hakuniambia anakuja. Alishuka tu kutoka kwenye gari la kambini, wakamwingizia mpira, na mchana akaingia dukani mwangu akiwa na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Nilishtuka. Nilimpa kiti na nikampa maziwa baridi, maana ya moto walimkataza kwa siku ile. Akanywa kidogo kidogo. Akaniambia kwamba wameangalia na hakukuwa na kitu cha kufunga. Mishipa imelala. Atameza dawa zake na kurudi baada ya mvua, kuangaliwa tu.

Nilitaka kukaa chini lakini kiti kilikuwa kimoja.

"Mbona hukunipigia?"

"Ulikuwa kwa kazi."

"Ningekuja, mama."

"Kufanya nini?" Alisema bila ubaya, alikuwa anauliza kweli. Kisha akaanza kunisimulia kwamba daktari amemwambia mkungu wa matoke umepanda bei upande wa kwao, na kwamba yeye alimjibu kambini ni vibaya zaidi. Nikamuuliza waliongea kwa lugha gani. Akasema wanachanganya. Akasema yule mtoto anakula vibaya, anaonekana, hana mtu wa kumpikia, na safari ijayo atamletea muhogo.

Dereva akapiga honi. Mama alinirudishia kikombe, akanishika shavu kama anavyofanya, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Alivuka barabara taratibu, akasaidiwa kupanda, akakaa upande wa dirisha lililokuwa ng'ambo, ambalo kwangu halionekani. Nilisimama mlangoni mpaka gari likapinda kwenye barabara ya Isingiro, kisha nikaingia kuangalia maziwa ya kuuza jioni, yaliyokuwa yanaanza kupanda kwenye sufuria.